Ghala la Mtaa wa Adams

Simba wawili waliowala wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898 hawako Kenya. Wako Chicago, nyuma ya kioo, katika jumba la makumbusho liitwalo Field Museum. John Henry Patterson, mhandisi Mwingereza aliyewapiga risasi Desemba mwaka ule, alikaa na ngozi zao kwa robo karne, kisha akaziuza kwa jumba hilo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Tembo wakubwa wanaosimama katika ukumbi mkuu wa jumba hilohilo nao walitoka Kenya, waliletwa na Carl Akeley baada ya safari yake ya 1905 na 1906. Mkenya anayefika pale huwatambua wanyama wa kwao mara moja. Jina la Field lililo mlangoni ndilo lisilomwambia kitu.

Jina hilo limetoka kwenye nguo. Limetoka kwenye majora ya pamba na sufu, soksi za dazeni, vifungo, riboni, blanketi na mazulia, bidhaa zilizouzwa kwa jumla katika ghala moja kubwa la mawe mekundu lililochukua eneo zima kati ya mitaa minne katikati ya Chicago: Adams, Quincy, Franklin na ule unaoitwa leo Wells. Ghala lile lilijengwa kama ngome. Wasanifu majengo walilisifu kuliko makanisa na mahakama za siku zao. Lilidumu miaka 43, likabomolewa, na kiwanja chake kikawa maegesho ya magari.

Marshall Field alizaliwa mwaka 1834 katika shamba la wazazi wake karibu na Conway, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts. Jimbo hilo halikuwa geni kwa watu wa Unguja. Enzi zilezile za Sultani Sayyid Said, meli za Salem, mji wa jimbo hilo, zilikuwa zikishusha bandarini kitambaa kizito cha pamba cha viwanda vya huko, kikaitwa merikani, kikasafiri hadi bara kulipia pembe za ndovu na ujira wa wapagazi. Field hakuwahi kufanya biashara na pwani ile. Lakini alikulia mahali ambapo kijana mwenye hamu ya kutajirika alianza kwa kujifunza kupima kitambaa, na ndivyo alivyofanya. Alipotimiza miaka 17 aliacha jembe, akaingia dukani katika mji wa Pittsfield.

Mwaka 1856 alipanda treni kwenda Chicago. Mji ule ulikuwa bado wa matope na mbao, ila reli zilikuwa zimeanza kukutana hapo kutoka kila upande, na nafaka, mbao na ng'ombe wa bara yote walipitia hapo kwenda mashariki. Field aliajiriwa na kampuni ya jumla ya Cooley, Wadsworth kwa mshahara wa dola 400 kwa mwaka. Inasimuliwa kwamba alilala dukani ili asilipe kodi ya chumba, na kwamba nusu ya mshahara aliiweka akiba. Hakuwa msemaji. Hakunywa, hakucheza kamari, na alikumbuka jina la kila mteja pamoja na deni lake. Wahenga wa pwani waliosema mali bila daftari hupotea bila habari wangemwelewa vizuri kijana huyu.

Wakati huo tajiri wa nguo mjini alikuwa Potter Palmer, aliyevuta wanawake dukani kwake kwa kuwaruhusu kurudisha bidhaa wasiyoridhika nayo. Mwaka 1865, afya yake ikiwa imeyumba, Palmer aliwaita Field na mwenzake Levi Leiter waingie ubia. Leiter alikuwa mtu wa hesabu. Alijua nani akopeshwe na nani anyimwe. Miaka miwili baadaye Palmer alijitoa akageukia ardhi na majengo. Mwaka 1868 aliwapangisha wale vijana wawili jumba jipya la marumaru alilolijenga katika mtaa wa State, kwa kodi ya dola 50,000 kwa mwaka.

Kisha moto ukaja. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 Chicago ilianza kuungua, na ulipozimika majengo yapatayo 17,000 yalikuwa majivu, watu wapatao 300 wamekufa, na 100,000 hawana pa kulala. Jumba la marumaru liliteketea pamoja na mengine. Wafanyakazi wa Field na Leiter walipakia mikokoteni usiku kucha wakaokoa sehemu ya mali, na baada ya wiki chache kampuni ilikuwa ikiuza nguo ndani ya banda la matofali lililokuwa zizi la farasi wa tramu. Moto ule ulifanya jambo jingine la kudumu. Field na Leiter walipojenga upya, walitenganisha jumla na rejareja, kila moja chini ya paa lake.

Msomaji anayejua Kariakoo atadhani rejareja ndiyo iliyokuwa na fahari na jumla ilikuwa nyuma ya pazia. Kwa wanunuzi wa mjini ilikuwa hivyo kweli. Duka la mtaa wa State lilikuwa na wahudumu waliovaa vizuri na bibi wa Chicago hakukosa kuonekana pale. Lakini kwa sehemu kubwa ya maisha ya Field, jumla ndiyo iliyobeba kampuni. Mwenye duka la kijijini huko Iowa, Kansas au Nebraska alihitaji kitambaa, uzi, sindano, shali na buti. Viwanda vilikuwa mbali mashariki na havikuwa na haja ya kumuuzia mtu mmoja majora matatu. Field alinunua kwa fedha taslimu na kwa wingi wa kutisha, akapata bei ya chini, kisha akamuuzia yule mwenye duka kwa mkopo wa muda mfupi. Aliyelipa kwa wakati alipata tena, na bei nzuri zaidi. Aliyechelewa alifuatiliwa.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya majira ya joto na kabla ya baridi, wenye maduka walipanda treni kwenda Chicago kuchagua mali. Kati ya misimu hiyo, mawakala wa kampuni walizunguka vijiji na masanduku ya sampuli. Mtandao ule ulikuwa mpana kiasi kwamba familia iliyoishi siku nzima ya mwendo kutoka kituo cha treni ilivaa nguo zilizopita mikononi mwa makarani wa Field bila hata kulijua jina lake.

Mwaka 1881 Field alinunua hisa za Leiter na kampuni ikawa Marshall Field & Company. Miaka minne baadaye, ghala la zamani likiwa halitoshi, aliamua kujenga jingine. Kazi hiyo hakumpa mtu wa Chicago. Alimpa Henry Hobson Richardson wa Massachusetts, mzaliwa wa Louisiana aliyesomea usanifu Paris, maarufu kwa Kanisa la Utatu la Boston. Richardson alikuwa mtu mnene, mcheshi, na mgonjwa sana wa figo. Alijua siku zake zinahesabika. Kati ya kazi zake zote, mbili ndizo alizotaka ahukumiwe nazo: mahakama ya Pittsburgh na ghala la Chicago. Inafaa kusimama hapo kidogo. Mtu aliyejenga makanisa na maktaba, alipolala kitandani akingoja kufa, alijivunia ghala la nguo.

Na kweli lilikuwa la kujivunia. Lilikuwa na urefu wa futi 325 na upana wa futi 190, ghorofa saba juu ya ghorofa ya chini ya ardhi. Sakafu zote zikijumlishwa zilikaribia futi za mraba nusu milioni. Chini kabisa palikuwa na itale nyekundu ya Missouri iliyokatwa kwa mapande makubwa na kuachwa na uso wake wa kukwaruza. Juu yake jiwe jekundu la mchanga kutoka East Longmeadow, katika jimbo alilozaliwa Field. Madirisha yalikusanywa chini ya matao makubwa yaliyopanda ghorofa tatu kwa mpigo, juu yake matao membamba zaidi ya ghorofa mbili, na juu kabisa safu ya madirisha madogo ya pembe nne. Jicho lilipanda kutoka mazito kwenda mepesi bila kukwama. Hapakuwa na minara wala sanamu, wala nguzo za urembo zilizobandikwa kuficha umri wa pesa. Mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara aliona ukuta uliojua kazi yake.

Ndani, nguzo za chuma na mihimili ya mbao zilibeba sakafu, na kuta mbili nene za kuzuia moto ziliigawa nyumba sehemu tatu. Chicago haikuwa imesahau 1871. Kuta za nje zilijibeba zenyewe kwa unene wa mawe, kama majumba ya wafanyabiashara wa Florence karne nne kabla. Hapohapo mjini, mitaa michache tu kutoka pale, William Le Baron Jenney alikuwa amemaliza mwaka 1885 jengo la kampuni ya bima ya Home Insurance, lililobebwa na fremu ya chuma, na ambalo vitabu vingi huliita ghorofa refu la kwanza la aina yake. Richardson alikuwa akijenga kwa njia ya kale wakati njia mpya imeshazaliwa. Hilo halikumpunguzia kitu. Alichowafundisha wenzake hakikuwa namna ya kubeba uzito bali namna ya kulifanya jengo kubwa la biashara lionekane kitu kimoja.

Hakuliona likiisha. Alifariki tarehe 27 Aprili 1886, akiwa na miaka 47, kuta zikiwa bado zinapanda, na wasaidizi wake wakaimaliza kazi.

Juma moja kamili baada ya kifo chake, tarehe 4 Mei, bomu lilirushwa katika uwanja wa Haymarket wa Chicago. Siku tatu kabla, tarehe 1 Mei, maelfu ya wafanyakazi wa mji ule walikuwa wamegoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane, na mgomo ule ndio uliozaa Mei Mosi inayoadhimishwa leo Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Polisi saba walikufa, na wanaume wanane, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani, walishtakiwa ingawa aliyerusha bomu hakujulikana. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Wakati baadhi ya wakubwa wa mji walipokuwa tayari kuomba adhabu ipunguzwe, Marshall Field alipinga. Hakutaka vyama vya wafanyakazi dukani kwake wala mjini kwake, na neno lake kati ya matajiri wa Chicago lilikuwa zito. Gavana John Altgeld aliwasamehe waliobaki gerezani mwaka 1893 na kutamka kwamba hawakutendewa haki. Ukuta mzuri wa mtaa wa Adams ulijengwa katika miezi ileile, kwa fedha za mtu yuleyule, na anayeusifu hana budi kulisema hilo pia.

Ghala lilifunguliwa katikati ya mwaka 1887. Mtu mmoja aliyelitazama sana alikuwa Louis Sullivan, msanifu kijana aliyekuwa akichora Auditorium, jumba la opera na hoteli lililofunguliwa Chicago mwaka 1889. Michoro yake ya mwanzo ilikuwa na mapambo mengi. Alipokwisha kuona ukuta wa Richardson aliyafuta, akachukua mawe ya kukwaruza chini na matao marefu juu. Auditorium bado ipo, na asiyeliwahi ghala anaweza kuliona humo, kama mtoto anavyobeba uso wa babu yake. Baadaye Sullivan aliandika kuhusu ghala lile kama mtu anayeandika juu ya binadamu mwenye nguvu na heshima.

Kampuni yenyewe ilikuwa chuo. John G. Shedd aliingia mwaka 1872, kijana wa shamba kutoka New Hampshire, kwa dola 10 kwa juma, akapanda ngazi ya jumla hadi kuwa mkuu wa kampuni baada ya Field. Harry Gordon Selfridge alianza mwaka 1879 kama mpanga mali katika jumla, akahamishiwa rejareja, akaifanya ing'are kwa matangazo na madirisha ya maonyesho; mwaka 1909 akafungua London duka linaloitwa kwa jina lake hadi leo. Hata Aaron Montgomery Ward aliwahi kufanya kazi kwa Field na wenzake katika miaka ya 1860. Mwaka 1872 Ward alianza kuwauzia wakulima moja kwa moja kwa barua, bila kupitia mwenye duka wa kijijini. Ghala lilikuwa halijajengwa, na tayari mtu aliyefundwa na wenyewe alikuwa ameonyesha njia ya kulipita pembeni.

Mwisho wa Field ulikuja kwa haraka. Septemba 1905 alifunga ndoa ya pili London. Novemba mwanawe wa kiume wa pekee, Marshall wa pili, alikufa kwa jeraha la risasi alilolipata nyumbani kwake Chicago. Siku ya Mwaka Mpya 1906 mzee alicheza gofu kwenye theluji pamoja na Robert Lincoln, mtoto wa rais. Akapata mafua, yakawa nimonia, akafa New York tarehe 16 Januari, akiwa na umri wa miaka 71. Mali yake ilikadiriwa dola milioni 125 hivi. Sehemu kubwa iliwekwa amana kwa wajukuu. Dola milioni 8 zilikwenda kwa jumba la makumbusho, juu ya milioni moja aliyoitoa mwaka 1893 lilipoanzishwa. Kwa fedha hizo lilijengwa jumba la sasa kando ya ziwa, likafunguliwa 1921. Rais wa jumba wakati Patterson alipouza ngozi zake alikuwa Stanley Field, mpwa wa marehemu. Kwa njia hiyo senti za mkulima wa Nebraska aliyenunua kitambaa cha gauni zilifika hadi kwa simba wa Tsavo.

Ghala liliendelea kufanya kazi chini ya Shedd. Kampuni ikanunua viwanda vyake vya nguo kusini, Carolina Kaskazini, ili iuze mali yenye nembo yake. Lakini nje ya kuta zile nchi ilikuwa inabadilika. Posta ya vifurushi ilianza mwaka 1913, na katalogi za Ward na za Sears, Roebuck zikaingia kila nyumba. Gari la Ford lilimwezesha mkulima kwenda mjini kununua mwenyewe. Maduka ya mnyororo yalinunua moja kwa moja kiwandani. Yule mwenye duka dogo aliyepanda treni mara mbili kwa mwaka kwenda mtaa wa Adams alikuwa anazeeka, na mwanawe hakutaka duka.

Wakuu wapya, wakiongozwa na James Simpson, walijibu kwa kujenga kikubwa zaidi. Walikusanya shughuli za jumla na kuzihamishia katika jengo jipya kando ya mto, Merchandise Mart, lenye futi za mraba milioni 4, kubwa kuliko jengo lolote duniani siku lilipofunguliwa Mei 1930. Miezi saba tu nyuma soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka. Jumla haikupona. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 kampuni iliajiri mtaalamu wa hesabu, James McKinsey, aliyefyeka sehemu kubwa ya biashara ile, na mwaka 1945 Mart yenyewe iliuzwa kwa Joseph Kennedy, baba wa rais wa baadaye.

Ghala la Richardson lilivunjwa mwaka huohuo wa 1930. Halikuwa na ufa. Halikuwa limeungua wala kuzama. Wenyewe hawakuwa na kazi nalo tena, na kiwanja chenye magari kililipa. Mwaka uliofuata jengo la Jenney nalo likavunjwa. Katika muda usiozidi miaka miwili Chicago ilipoteza jengo lililofunga zama moja ya ujenzi na lile lililofungua nyingine, na hapakuwa na sheria ya mji ya kuyalinda. Ulikuwa uharibifu, na kisingizio cha hali ngumu ya uchumi hakiutakasi, maana uamuzi wa kuhama ulifanywa wakati wa neema.

Mahali palipokuwa na ghala panakaa leo chini ya kivuli cha mnara wa Sears, ghorofa 110, uliofunguliwa 1973 upande wa pili wa mtaa wa Franklin. Kampuni ya katalogi ndiyo iliyojenga pale. Nayo imekwisha kuondoka, na mnara una jina jingine. Duka la rejareja la Field katika mtaa wa State lilibadilishwa jina na kuwa Macy's mwaka 2006, wakazi wengi wakiandamana barabarani kupinga.

Anayetaka kulijua ghala kwa mkono wake, na si kwa picha tu, bado ana pa kwenda. Mwaka uleule wa 1885 Richardson alipewa Chicago kazi nyingine ndogo zaidi, nyumba ya John Glessner, tajiri wa mashine za kilimo, katika barabara ya Prairie walikoishi wakubwa wa mji. Field mwenyewe aliishi jirani. Nyumba yake ilibomolewa 1955. Ya Glessner ilinusurika mwaka 1966 kwa sababu wasanifu wachache walichanga fedha wakainunua kabla ya wavunjaji kufika. Iko namba 1800 South Prairie, na wageni hukaribishwa. Ukimaliza kuwaona simba, ni mwendo mfupi tu: nenda, uweke kiganja juu ya itale yake.